Majirani wanakimbilia jua, sisi tumeridhika na Rufiji: mkakati wetu wa sola ni upi?

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona niulete uzi huu kwa sababu tangu mashine zote tisa za Bwawa la Julius Nyerere, pale Rufiji, zikamilike 2025, mjadala wa umeme nchini umelala kabisa. Mashine tisa za megawati (MW) 235 kila moja, jumla MW 2,115, si jambo dogo, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Gridi imevuka MW 4,000 na mahitaji yetu ya juu ni karibu nusu ya hapo. Mgao wa 2023 watu wameshausahau. Sasa ukigusia habari za sola, jibu ni moja: umeme upo wa kutosha, sola ya nini?

Naomba tuangalie majirani kwanza.

Rwanda walijenga Rwamagana, MW 8.5, mwaka 2014. Ni mtambo mdogo, lakini ulikamilika ndani ya mwaka mmoja na ndio uliofungua njia Afrika Mashariki kwa mitambo ya jua ya gridi. Uganda ndio walionifundisha zaidi. Mwaka 2013 walianzisha mpango wa GET FiT: mkataba wa aina moja kwa kila mwekezaji, bei inajulikana mapema, na wafadhili wa nje wanaongeza kidogo juu ya kila uniti ili mradi ulipe. Matokeo yake Soroti MW 10 ikawaka 2016, Tororo MW 10 mwaka uliofuata, na baadaye, nje ya mpango huo, Kabulasoke MW 20. Kenya wakawasha Garissa MW 50 mwaka 2019. Msumbiji, Mocuba MW 40, mwaka huohuo. Malawi, ambao tumezoea kuwaona wadogo zetu, waliwasha Salima MW 60 mwaka 2021, na mwaka uliofuata Golomoti MW 20 yenye betri kubwa za kuhifadhi umeme. Burundi wana Mubuga, MW 7.5, tangu 2021.

Sisi? Mkataba wa Kishapu, Shinyanga, ulisainiwa 2023 kwa mkopo wa Wafaransa. Ni MW 150, awamu ya kwanza 50. Nchi yenye saa 2,800 hadi 3,500 za jua kwa mwaka, yenye Singida, Dodoma na Shinyanga, imeingia uwanjani wakati wenzake wote wanaopakana nayo kusini na kaskazini wameshacheza kipindi cha kwanza.

Kinachonisumbua zaidi kimo kwenye karatasi. Mpango Mkuu wa Umeme uliohuishwa 2020 unataka tufike kama MW 20,200 ifikapo 2044. Gesi imepewa 6,700, maji 5,690, makaa ya mawe 5,300. Jua limepewa 715. Chini ya asilimia 4, hadi 2044, wakati bei ya paneli duniani imeporomoka tangu hesabu hizo zipigwe.

Sasa hoja yangu, na ndiyo ninayotaka tuijadili. Bwawa la Nyerere ni sababu ya kujenga sola nyingi, na kujenga sasa. Kila anayeishi Dar anajua simtanki. Maji ya DAWASA yakitoka mchana unatumia ya bombani, tanki unaliacha lijae, usiku yakikatika unafungua tanki. Bwawa lile linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mchana jua libebe mzigo, mashine za Rufiji zipunguzwe, maji yabaki. Saa moja hadi saa nne usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, mashine zifunguliwe. Malawi wamelazimika kununua betri. Sisi betri tumeshaijenga, tena kwa fedha zetu.

Na mvua hazina mkataba na mtu. Oktoba 2015 nchi hii ilizima mitambo ya maji kwa sababu mabwawa yalikauka. Zambia, ambao karibu asilimia 85 ya umeme wao ni wa maji, mwaka 2024 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa na bwawa la Kariba likawaacha kwenye giza. Leo wanakimbizana na sola kwa kasi ambayo wangeweza kuianza bila dhiki: Chisamba, MW 100, ilizinduliwa Juni 2025. Tusisubiri ya Kariba yatukute Rufiji.

Karibuni.

#2 Mzalendo wa Temeke

Mleta mada umeandika vizuri lakini nakupinga.

Hapa kwetu Mbagala umeme ukikatika leo tatizo si uzalishaji. Ni transfoma iliyozidiwa, nguzo iliyooza, waya uliochoka. Una MW 4,000 za kuzalisha na matumizi karibu nusu, halafu unaenda kukopa euro ujenge mtambo mwingine? Mwenye akili anachukua fedha hiyo anabadilisha transfoma za Dar, Mwanza na Arusha. Malawi na Burundi walijenga sola kwa sababu walikuwa na njaa ya umeme. Sisi tumeshiba, tatizo letu ni sahani.

Pia hizo bei za wawekezaji binafsi tunazijua. Mikataba ya dola, unalipa hata usipotumia. Nchi hii imeshaungua huko, tusirudi.

#3 Mleta mada

Mkuu, kwenye transfoma tuko pamoja asilimia mia. Ila angalia: paneli iliyo juu ya paa la kiwanda Chang'ombe au la ghala Vingunguti haipiti kwenye transfoma yako iliyozidiwa. Umeme unazalishwa hapohapo na kutumika hapohapo. Mchana, viyoyozi vya Posta na Masaki vikiwa vimefunguka vyote, sola ya paani inapunguza mzigo kwenye waya zilezile unazozililia. Kwa hiyo sola ya mjini ni sehemu ya dawa ya ugonjwa wako.

Kuhusu mikataba, ndiyo maana nimewataja Uganda. Zambia nao walishindanisha wazabuni mwaka 2016, bei ikashuka hadi senti 6 za dola kwa uniti, kiasi ambacho wakati ule hakijawahi kuonekana kusini mwa Sahara nje ya Afrika Kusini. Mikataba iliyotuumiza ilifanyika gizani na kwa dharura. Leo tuna ziada, hatuna dharura, tunaweza kukaa mezani tukiwa tumetulia. Hii ndiyo nafasi ya kupata bei nzuri, kabla mgao haujarudi.

#4 Mama Kontena

Habari zenu. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya sola Kariakoo, naomba niongeze upande ambao wanaume wa megawati huwa hamuugusi.

Mnahesabu mitambo. Sisi tunahesabu makontena. Wateja wangu wengi si wa Dar. Ni wa Lubumbashi, Ndola, Lilongwe, Bujumbura, hadi Wakomoro. Ukame wa Zambia wa 2024 ulipopamba moto, inveta na betri za lithiamu zilikuwa zinaondoka dukani kabla hazijapangwa. Ripoti ya Ember, shirika la utafiti wa nishati, ya Agosti 2025 inasema ndani ya miezi 12 iliyoishia Juni mwaka huo paneli za kama MW 15,000 ziliingia Afrika kutoka China, ongezeko la asilimia 60. Mzigo huo unapita bandari gani? Hapo ndipo penye ushindani wenyewe. Durban wanautaka, Beira wanautaka, Walvis Bay wanautaka, Mombasa pia. Dar tuna barabara ya Tunduma na tuna Kariakoo, mahali ambapo Mzambia akija anapata paneli, waya, betri na fundi wa kumshauri, mtaa mmoja.

Lakini biashara hii haitaki mshangao. Paneli haina ugomvi forodhani. Ugomvi unaanza kwenye inveta yenye betri ndani yake: huyu anasema ni kifaa cha sola, kina msamaha, yule anasema ni betri ya kawaida, lipia. Vyuma vya kufungia paneli je? Waya je? Kontena likikaa bandarini mkibishana, gharama ya kukaa inahesabiwa kila siku, na mteja wa Ndola anapiga simu Durban. Tupewe orodha moja, imeandikwa kifaa kwa kifaa, isiguswe kwa miaka mitano. Hata kama kuna kodi, tuijue. Mfanyabiashara anaweza kupanga bei juu ya kodi anayoijua.

#5 Fundi Tabata

Mama Kontena heshima yako. Naongezea la feki maana linaua soko kuliko kodi.

Jua la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya sasa inanasa kama asilimia 21, yaani wati 210 kwa mita ya mraba. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana mita 1.13, na uzito wake unakaribia kilo 28, mnabeba watu wawili. Sasa mtu anakuja na paneli ndogo kama mlango wa kabati, kibandiko nyuma kimeandikwa wati 500, kaitoa dukani kwa bei ya kutupa. Nikiipeleka juani nikaweka mita, ampea hazifiki hata robo ya zilizoandikwa. Huyo mteja hasemi aliuziwa feki. Anasema sola haifai, na mtaa mzima unamsikiliza.

Jingine, jua la Dar ni kali lakini joto si rafiki wa paneli. Kila nyuzi moja ya joto la paneli yenyewe juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Ukiilaza paneli juu ya bati bila kuacha nafasi ya upepo kupita chini, mchana wa Januari unapoteza nyingi bila kujua. Mwanza au Njombe, paneli ileile inakupa zaidi kwa jua lilelile.

#6 Mkenya wa Msasani

Hamjambo ndugu zangu. Nimekaa Dar miaka mingi sasa, lakini naifuatilia sana sekta ya kawi kule nyumbani, na naona mnatusifia kupita kiasi.

Mwaka 2020 Kenya ilirudisha VAT kwenye vifaa vya sola, mwaka uliofuata ikaondoa tena. Mwaka mmoja tu, lakini waliokuwa wamepanga kuwauzia wananchi sola za kulipa kidogokidogo kwa simu walilazimika kupiga hesabu zote upya. Na hiyo ni nchi iliyowafundisha wengine biashara hiyo. Halafu 2021 mikataba mipya ya kununua umeme ikasimamishwa, kwa hofu ileile ya Mzalendo wa Temeke ya kulipia umeme usiotumika. Hofu ilikuwa ya haki kabisa. Lakini zuio likakaa miaka, matumizi yakaendelea kupanda, na sasa mchana Kenya iko sawa ila jioni inabanwa. Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua MW 200 kutoka Ethiopia kwa senti 6.5 za dola.

Kwa hiyo nikimsoma mleta mada na simtanki yake naona kitu ambacho labda hakukisema wazi. Ile laini kubwa ya kilovoti 400 kutoka Singida kupitia Arusha hadi Isinya, Kenya, ipo na inafanya kazi. Mnahifadhi maji mchana kwa kutumia jua, jioni mnatuuzia sisi umeme wa Rufiji wakati tunauhitaji zaidi. Muethiopia ana bwawa la GERD, MW 5,150, naye anaitaka jioni hiyohiyo. Atakayewahi kusaini ndiye atakayekaa.

#7 Mleta mada

Asante sana ndugu, umenimalizia sentensi. Na upande wa pili kuna laini ya TAZA, Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, itakayotuunganisha na Zambia. Ikikamilika, Tanzania itakuwa mlango kati ya soko la umeme la Mashariki lenye makao Addis Ababa na lile la Kusini lenye makao Harare. Mwaka wa ukame kusini mara nyingi si mwaka wa ukame kaskazini. Aliyekaa mlangoni anauza pande zote mbili, ila lazima awe na cha kuuza.

#8 Mtoto wa Ukerewe

Nyie mnazungumzia kuuza Nairobi, mimi nizungumzie visiwani.

Tanzania tuliwahi kuwa mbele ya wote kwenye gridi ndogo, yaani mitambo midogo inayohudumia kijiji au kisiwa peke yake. EWURA, wadhibiti wa nishati, walitoa utaratibu wa wazalishaji wadogo 2008, ukarekebishwa 2015: mradi chini ya MW 1 hauhitaji leseni, chini ya kilowati 100 hata bei haihitaji kuidhinishwa. Watu walikuja kutoka nchi nyingine kujifunza. Kufikia 2016 gridi ndogo zilikuwa 109, mara mbili ya zilizokuwapo 2008. Kisha 2020 ikaja amri kwamba bei ishuke hadi shilingi 100 kwa uniti kama ya TANESCO ya mnyonge.

Nisieleweke vibaya. Wananchi walikuwa wanalipa elfu moja na zaidi, wengine elfu tatu na ushei kwa uniti moja. Hiyo ilikuwa dhuluma kwa mvuvi, na malalamiko yalikuwa ya kweli. Lakini amri haikuja na fedha ya kuziba pengo. Mwenye mtambo anazalisha kwa gharama kubwa, anaambiwa auze kwa mia. Akiharibikiwa na betri hanunui nyingine. Wawekezaji waliokuwa wanakuja wakageuzia mashua zao Nigeria na kwingineko. Nani kafaidika? Mvuvi aliyepewa umeme wa mia ambao hauwaki?

#9 Mzalendo wa Temeke

Hilo la Ukerewe limenigusa, maana bei sawa kwa Watanzania wote mimi naiunga mkono mpaka kesho. Mtu wa Ukara asilipe mara kumi ya mtu wa Upanga. Sasa pengo alipe nani?

#10 Mhandisi Mstaafu

Vijana, nimefanya kazi kwenye umeme maisha yangu yote, nijibu hilo kwa kuonesha pesa inavyotembea.

Mteja wa D1, yule wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100. Mteja wa T1, anayetumia zaidi ya hapo, analipa 292. Weka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, wa kwanza anafika 122 na wa pili 356. Ndiyo maana elfu moja ya LUKU inampa mmoja uniti 8.2 na mwingine 2.8. Pengo la mnyonge analilipa huyu wa 2.8, pamoja na viwanda na maduka. Ile asilimia 3 ya REA ndiyo inayopeleka umeme vijijini.

Sasa fikirini. Nani atakuwa wa kwanza kuweka sola paani? Si wa D1. Ni huyuhuyu wa 356, mwenye paa kubwa na fedha. Paneli moja ya 550 ya Fundi Tabata, tukadirie kwa tahadhari uniti 2.2 kwa siku, ni uniti 66 kwa mwezi, kama shilingi 23,500 ambazo TANESCO haitaziona tena. Zidisha kwa paneli ishirini, kwa nyumba elfu kadhaa za Mbezi Beach na Mikocheni. Shirika linaweza kuwa na umeme mwingi na bado likakosa fedha ya kubadilisha hizo transfoma za Mbagala.

Afrika Kusini wamepita huko. Walipanua ruhusa ya kujizalishia bila leseni kutoka MW 1 hadi 100 mwaka 2021, baadaye ukomo ukaondolewa kabisa, na 2023 wakatoa nafuu ya kodi kwa paneli za nyumbani. Mapaa yakajaa, zaidi ya MW 5,000. Kwa mgao ilisaidia sana. Lakini Eskom, shirika lao la umeme, na halmashauri zikabaki na waya zilezile na wateja wanaolipa pungufu, na mzigo ukaanza kuwaelekea wasio na paa.

Kwa hiyo wanaosema "fungulieni sola ya paani" wako sahihi nusu. Nusu nyingine ni kupanga upya bei: mwenye sola alipe kiasi fulani kwa mwezi kwa kuunganishwa na waya, kwa kuwa usiku anautumia, na umeme anaourudisha gridini ununuliwe kwa bei ya haki, isiwe 356 wala isiwe bure. Kanuni za kurudisha umeme gridini zilishaandikwa, lakini waya wa mtaani hauwezi kutegemea karatasi tu. Ruzuku ya D1 na ya visiwani itolewe waziwazi kwenye bajeti kupitia REA, ihesabike, kuliko kuificha ndani ya bili ya mtu ambaye kesho anaondoka.

Kuhusu mtambo mkubwa, namuunga mkono mleta mada kwa sababu ya kiufundi. Wingu likipita juu ya Kishapu, MW 50 zinaweza kuyumba kwa dakika chache. Mtambo wa makaa ya mawe hauwezi kufuata kasi hiyo. Mashine ya maji inaweza, unafungua mlango wa maji na inaitikia. Nchi yenye MW 2,115 za namna hiyo inaweza kubeba jua jingi bila gridi kutikisika. Pia Kanda ya Ziwa iko mbali sana na Rufiji. Umeme unasafiri nusu ya nchi na sehemu unapotea njiani. Serikali yenyewe mwaka 2025 ilieleza kuwa kanda ya kaskazini inafaa kuletewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa sababu hiyo ya umbali. Kama ni umbali, jua la Shinyanga liko karibu zaidi.

#11 Mama Kontena

Shikamoo mzee. Hilo la kulipia waya watu watalipigia kelele lakini lina haki. Mteja wangu wa Mbezi anataka sola na hataki kukata LUKU.

#12 Mleta mada

Shikamoo mhandisi, na asante. Nilikuwa nimeliangalia suala la paani kwa jicho la mzigo wa transfoma, la mapato umelifungua wewe.

Basi kwa yaliyosemwa hapa, madai yangu kwa Wizara ya Nishati na EWURA ni haya. Mpango Mkuu wa 2020 uhuishwe tena, na ile namba 715 ipigwe hesabu upya kwa bei za paneli za leo na kwa bwawa ambalo sasa lipo. Zabuni za jua zitangazwe kwa kalenda, kila mwaka kiasi kinachojulikana, ushindani wa wazi, mkataba wa aina moja, malipo kwa shilingi kadiri inavyowezekana. Sehemu za kujenga ziwe Kanda ya Ziwa na Kanda ya Kati kabla ya kwingine. Orodha ya kodi ya Mama Kontena, miaka mitano. Na amri yoyote ya kushusha bei visiwani itoke siku moja na fedha yake.

Januari 2025 wakuu wa Afrika walikutana hapahapa Dar, pale ukumbi wa JNICC, wakaahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 12 za mwanzo kuweka mpango wake mezani. Fedha nyingi za ahadi ile zitaenda kwenye jua. Zitaenda kwa nchi ambayo kanuni zake zinasomeka.

#13 Mkenya wa Msasani

Ongeza moja, mleta mada. Mkataba wa kuuza umeme wa jioni Nairobi uanze kuzungumzwa sasa. Kule Nairobi mikataba ya umeme huchukua muda mrefu bungeni kuliko uwanjani.

#14 Mtoto wa Ukerewe

Na mafundi. Kila gridi ndogo iliyokufa kule kwetu, paneli bado zinang'aa. Kilichokufa ni betri na inveta, na wa kutengeneza anatoka Mwanza kwa nauli ya boti. VETA wafundishe vijana wa visiwani wenyewe, vipuri viwekwe Nansio. Fundi Tabata, ukitaka wanafunzi nitakutafutia.

#15 Fundi Tabata

Waje. Waje na mita zao tu.